Afugaye Mlaji Hufuga na Mlo Wake

Katika fainali za Kombe la Dunia zilizochezwa Afrika Kusini mwaka 2010, aliyepata umaarufu kuliko wachezaji wengi na makocha wao alikuwa pweza. Aliitwa Paul, na alifugwa katika tangi la kioo mjini Oberhausen, Ujerumani. Kabla ya mechi aliteremshiwa visanduku viwili vilivyobandikwa bendera za timu mbili, na kile alichokifungua kwanza ndicho kilichohesabiwa kuwa cha mshindi. Alizipatia mechi zote saba za Ujerumani, akaipatia na fainali ambayo Uhispania iliishinda Uholanzi. Hapa Nairobi, katika kumbi za video za Kibera na vibanda vya chai vya Kawangware, pweza huyo alizungumzwa kwa kicheko na, kwa baadhi yetu, kwa hofu kidogo ya uchawi. Lakini katika mazungumzo yote hayo sikumsikia hata mtu mmoja akiuliza kilichokuwamo ndani ya visanduku. Mlikuwamo kome. Pweza hakuwa akimtafuta mshindi. Alikuwa akitafuta chakula chake, na nyuma ya tangi lile alikuwapo mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kesho pia kome wapo.

Kazi ya mtu huyo wa nyuma ya tangi ndiyo ninayotaka kuizungumzia. Kwa Mswahili wa Lamu au wa Unguja, kumfuga pweza ni kichekesho, kwa kuwa pweza kwake ni kitoweo: huchokolewa mwambani maji yanapokupwa, hupigwapigwa hadi akalainika, hupikwa kwa nazi au hugeuzwa supu ambayo wanaume huinywa kwa sababu wasizopenda kuzitaja mbele ya wakwe. Lakini Ulaya na Marekani wapo watu wanaomweka pweza nyumbani kama sisi tunavyomweka paka, nao hukutana na taabu ile ile. Pweza ni mwindaji. Akiwa ametoka baharini karibuni, mara nyingi huikataa nyama iliyokufa. Anataka kaa anayekimbia, kamba anayeruka, konokono wa kutobolewa gamba. Basi mfugaji hulazimika kuwa na tangi la pili, la kaa. Kaa nao wakikaa na njaa hulana wenyewe kwa wenyewe, kwa hiyo inambidi awalishe. Maji yao yakichafuka hufa kwa mkupuo, kwa hiyo inambidi ayasafishe. Aliyedhani amefuga mnyama mmoja hujikuta amefuga kijiji kizima, na sehemu kubwa ya kazi yake haiendi kwa mlaji bali kwa mlo.

Msomaji atauliza haya yanahusu nini Kibera na Kawangware, mitaa iliyo umbali wa kilomita zipatazo 480 kutoka bandari ya Mombasa. Yanahusu sana. Katika mitaa hiyo miwili watu wengi wanafuga kuku, bata, sungura na mbuzi katika nafasi zisizotosha hata kuanika nguo, na mjadala wetu kuhusu jambo hilo, kila unapozuka, huwa ni wa harufu, kelele na sheria. Ni nadra tuulize swali la tangi la pili: wanyama hao wanakula nini, na chakula hicho kimeondolewa mdomoni mwa nani?

Niruhusiwe kuanza na lugha, kwa kuwa ndiyo inayonipatia riziki. Kitenzi kufuga ni kipana ajabu. Tunafuga ng'ombe, tunafuga mbwa, tunafuga nyuki, tunafuga ndevu na kucha, na mgonjwa asiyekwenda hospitali huambiwa anafuga maradhi. Kiini cha neno hili ni kukiacha kitu kikue chini ya mkono wako hali ukijua, uwe unakipenda au unakiuza. Kwa sababu hiyo Kiswahili hakikuhitaji kitenzi kimoja cha mnyama wa kuliwa na kingine cha mnyama wa kubembelezwa. Siku hizi watangazaji wetu wameleta “mnyama kipenzi”, msemo ulionakiliwa kutoka lugha za Ulaya, na sina ugomvi nao mkubwa ila huu: unatufanya tuamini kwamba wapo wanyama wa kupendwa na wapo wa kulishwa tu. Mzee wa Kawangware anayempa jogoo wake jina, akamsifu mbele ya wageni, kisha akamchinja siku ya Krismasi, hana mgongano wowote moyoni, wala lugha yake haimdai awe nao.

Na tukiwa bado Kawangware, hebu msomaji alisikilize jina lenyewe. Ndani yake mnasikika ngware, jina la Kikikuyu la ndege ambaye Mswahili humwita kwale. Maneno hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja. Kikikuyu kimehifadhi sauti ya puani mwanzoni mwa neno, ambayo huigeuza k kuwa ng, ilhali Kiswahili kimeipoteza. Atakayetilia shaka na amtazame kuku: kwa Kikikuyu ni nguku, na kwa Waluhya, ambao wamejaa Kawangware kuliko mitaa mingi ya jiji hili, ni ingokho. Wabantu walimchukua ndege huyo pamoja na jina lake kila walikokwenda. Wanubi wa Kibera, ambao Kinubi chao kilipata msamiati wake kutoka Kiarabu, humwita jidada. Mjaluo jirani yao humwita gweno. Majina ni mengi, lakini penye jina pana banda, na penye banda pana mtu anayeamka alfajiri kutafuta cha kumpa ndege wake.

Mtaa huo uliobeba jina la kwale ulikumbwa, pamoja na nchi nzima, na wazimu wa kware mnamo mwaka 2013 na 2014. Hawa walikuwa ndege wadogo wa asili ya Japani, mayai yao yana madoadoa, na ilivumishwa kwamba mayai hayo yanatibu takriban kila ugonjwa unaomsumbua binadamu. Yai moja likauzwa kwa bei ya mayai kadhaa ya kuku. Watu wakapanga foleni kutafuta leseni kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, maana kisheria kware alihesabiwa kuwa mnyama wa porini. Walimu, makarani, hata wachungaji wa makanisa, wote wakawa na vizimba barazani. Kisha kila aliyetaka kununua akawa tayari ni muuzaji, na bei ikaporomoka. Sisemi haya kuwacheka. Wengi walipoteza akiba zao. Ninayasema kwa sababu wakati ule kila mtu alijua bei ya yai na wachache mno walijua kware anakula kiasi gani kwa mwezi. Bei ya yai ilipoanguka, ndege waliendelea kula kama jana.

Kibera ina historia ndefu zaidi ya ufugaji kuliko wengi wanavyodhani. Jina lenyewe ni la Kinubi, nalo lina maana ya msitu. Wanubi, waliokuwa wanajeshi wa kikosi cha King's African Rifles, waliwekwa pale na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa karne ya ishirini, wakalima bustani na kufuga mifugo pembezoni mwa mji uliokuwa bado mchanga. Iliwachukua zaidi ya karne moja kupata hati ya ardhi ya jamii, mwaka 2017, ya ekari 288. Kwa hiyo anayesema kwamba ng'ombe na kuku wameivamia Kibera anaisoma historia kinyumenyume. Kilichovamia ni mabati, moja juu ya jingine, hadi chumba cha futi 10 kwa 10 kikawa ndicho kipimo cha maisha ya familia.

Katika chumba cha namna hiyo, kwa nini mtu amweke kuku hai? Afisa wa afya hudhani ni ushamba. Mimi nadhani ni hesabu. Nyama iliyochinjwa asubuhi, pasipo jokofu, jioni ina harufu. Kuku aliye hai haozi. Anakaa chini ya meza wiki mbili, anakula makombo ya ugali, na siku mgeni au ada ya shule inapobisha mlango yuko tayari kuliwa au kuuzwa. Sungura ni vivyo hivyo, tena hana kelele. Mwanzoni mwa mwaka 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi, barabara zilifungwa na reli inayopita Kibera iking'olewa, na chakula kikawa adimu mtaani. Katika mwaka huo huo ndipo bustani za magunia zilipoenea pale, sukuma wiki ikichipua ubavuni mwa gunia. Watu walikuwa wamejifunza kwamba chakula kilicho hai na kilicho karibu kina thamani ambayo duka haliwezi kuipiku. Majani yaliyozeeka ya sukuma wiki hiyo yalikwenda kwa sungura, na kinyesi cha sungura kikarudi kwenye gunia. Hapo swali la tangi la pili lilikuwa limejibiwa bila semina.

Kwa kuku jibu si jepesi hivyo. Majani peke yake hayamtoshi. Anahitaji protini ili atage. Nyanya yangu, kule Kakamega, alilijua jambo hilo bila kulijua neno protini. Jioni alichukua chungu kikuukuu, akatia ndani magunzi na kinyesi cha ng'ombe kilicholoweshwa, akakifunika kifudifudi juu ya tundu la kichuguu. Alfajiri chungu kilikuwa kimejaa mchwa, naye akakipindulia mbele ya vifaranga, ambao walikimbilia chakula hai kwa pupa ambayo hakuna pumba za dukani zilizopata kuiamsha. Hakuchota kichuguu kimoja siku mbili mfululizo. Sisi watoto tulikatazwa kukibomoa. Kwa namna yake, mwanamke yule alikuwa akifuga kuku na mchwa kwa pamoja, na laiti angeelezwa habari za Mjerumani na kome wake, asingeona ajabu yoyote.

Kibera haina kichuguu. Mfugaji wa mjini huenda agroveti kununua chakula kilichosagwa kiwandani: pumba za mahindi, mashudu, soya, na omena. Hapo ndipo ninapomtaka msomaji asimame nami kidogo. Omena ni samaki wa mtu. Ndiye samaki ambaye mama wa Laini Saba au wa Gatina anaweza kumnunua kwa kikombe badala ya kwa kilo, akamkaanga na nyanya mbili, akawalisha watoto watano protini na kalsiamu kwa pesa ambazo hazimtoshi kununua robo ya nyama. Lakini sehemu kubwa ya omena inayovuliwa Ziwa Victoria haifiki kwenye kikombe hicho. Inaishia viwandani kusagwa kuwa chakula cha mifugo. Mama na kuku wanagombea samaki mmoja, na katika mnada huo kuku ana mnunuzi mwenye mfuko mzito. Kisha yai la kuku huyo, likishatagwa Kawangware, linavuka barabara kwenda Lavington, ambako mwenye kulila hana habari kwamba yai lake lilianza safari kama kitoweo cha mtoto wa upande wa pili.

Ninajua jibu nitakalopewa, kwamba biashara ni biashara, na kwamba mfugaji naye ni maskini anayetafuta chake. Ni kweli. Mwaka 2021 na 2022 bei ya chakula cha mifugo ilipanda kiasi cha kuwafanya wafugaji wadogo wengi wafunge mabanda. Mfugaji mdogo hana faida na mpango huu wa sasa zaidi ya aliyonayo yule mama mwenye kikombe. Wote wawili wameshikwa na mshipi mmoja.

Ziwa hilo hilo lina mfano mkubwa zaidi. Katika miaka ya 1950 samaki aitwaye mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara, alitiwa Ziwa Victoria. Ni mlaji wa kutisha. Aliwafyeka fulu, wale samaki wadogo wa aina mamia waliokuwa fahari ya ziwa, akanenepa, na minofu yake ikapata soko Ulaya. Kilichobaki baada ya minofu kukatwa, yaani kichwa na mifupa yenye nyama iliyosahauliwa na kisu, kikaja kuuzwa katika mitaa kama Kibera kwa jina ambalo ningelipa tuzo la ubunifu wa lugha kama ningekuwa na tuzo: mgongo wazi. Wavuvi wanaomtega mbuta kwa ndoana hupendelea chambo kilicho hai, na mahitaji hayo yakazaa kazi mpya: wapo wakulima wa samaki magharibi mwa Kenya waliofuga vifaranga vya kambale, si kwa ajili ya sufuria, bali vitiwe ndoanani vikiwa hai. Hilo ndilo tangi la pili katika sura yake kamili. Kambale analishwa ili alishwe mbuta, mbuta anavuliwa ili alishwe Mzungu, na Kibera inapokea mgongo. Sipingi ufugaji wa chambo. Afadhali kambale wa bwawani kuliko kuwakwapua vifaranga wa ziwani. Ninachotaka tuone ni kwamba katika kila mnyororo wa namna hii pana mtu wa mwisho, na mara nyingi mtu huyo anakaa katika futi 10 kwa 10.

Basi tufanyeje? Jawabu ninaloliunga mkono linanuka kidogo. Katika taasisi ya icipe iliyoko Kasarani, ambayo mwanasayansi wetu Thomas Odhiambo aliianzisha mwaka 1970, watafiti wamefanya kazi kubwa kuhusu nzi aitwaye askari mweusi. Huyu si yule nzi wa chooni. Akiwa mkubwa haumi, wala hazungukii sahani za watu. Anaishi siku chache kwa mafuta aliyojiwekea utotoni. Mwenye njaa ni mtoto wake. Mabuu yake hula maganda, makombo na matunda yaliyooza kwa muda wa kama wiki mbili, na yakikaushwa, takriban sehemu mbili kwa tano ya uzito wake ni protini. Tena yana adabu ya pekee: yakishakomaa hutambaa yenyewe kutoka kwenye uchafu kutafuta mahali pakavu, na mfugaji aliyetega ndoo yake kwa mteremko huyakuta yamejikusanya. Kuku huyala yakiwa hai kwa pupa ile ile ya vifaranga wa nyanya yangu. Kinachobaki ni mbolea ya gunia la sukuma wiki. Jiji hili huzalisha zaidi ya tani 2,000 za taka kila siku, na sehemu kubwa ya taka hizo ni vitu vilivyokuwa chakula. Mwaka 2017 Shirika la Viwango lilitoa kiwango rasmi cha wadudu waliokaushwa kwa ajili ya chakula cha mifugo, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba ni mchezo wa kienyeji.

Tatizo moja ni jina. Watu huwaita funza, na hakuna Mkenya atakayefurahia yai la kuku aliyekula funza. Lakini mtu huyo huyo, mvua za kwanza zikinyesha magharibi mwa Kenya, atakaa nje usiku na taa akiokota kumbikumbi, awakaange kwa chumvi na kuwasifu. Kumbikumbi ni nini kama si mdudu aliyebahatika kupata jina zuri? Ningependekeza tuseme mabuu tu, neno safi la Kiswahili lisilomkumbusha mtu jeraha la kidole cha mguu.

Tatizo jingine ni kubwa zaidi, nalo ni uchafu wenyewe. Mitaro ya Kibera inabeba kila kitu, na kuku anayechakura mtaroni anakula kila kitu. Mabuu yaliyolishwa taka za mtaroni hayana tofauti na kuku huyo. Ni lazima yalishwe mabaki ya jikoni na ya sokoni, si kinyesi wala takataka zenye sumu za viwanda na karakana. Katika jambo hili majirani wetu Waislamu wana kanuni ya karne nyingi. Mnyama aliyezoea kula najisi, ambaye wanazuoni wa fiqhi humwita jallala (na sikio la Mswahili litasikia jalala papo hapo), hufungiwa na kulishwa chakula safi kabla ya kuchinjwa. Kwa kuku muda uliozoeleka ni siku tatu. Hiyo ni sheria ya mlo wa mlo. Aliyeiweka alielewa kwamba anachokula kuku leo ndicho utakachokula wewe keshokutwa, na hakuhitaji maabara kulithibitisha. Maafisa wetu wa afya wangeweza kuieneza kwa watu wa dini zote bila kumkera yeyote.

Kuna na suala la huruma, ambalo wengi hulicheka likitajwa pamoja na jina la Kibera. Kuku anayesafirishwa usiku kucha ndani ya tenga kutoka magharibi, kisha akaning'inizwa kichwa chini kwenye usukani wa bodaboda, ana haki chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya. Umaskini wa mwenye kumbeba haumwondolei kuku maumivu. Uingereza, kwa sheria yake ya mwaka 2022 kuhusu hisia za wanyama, ilikwenda mbali kiasi cha kumtambua pweza na kaa, wote wawili, kuwa viumbe wenye kuhisi. Hebu fikiria ugumu wa mfugaji wa pweza baada ya hapo: mlaji na mlo wamesimama mbele ya sheria moja. Sidhani tumefika huko, wala sidai kwamba mabuu yapewe wakili. Lakini maji ya kunywa ndani ya tenga na kivuli sokoni ni mambo ambayo hayahitaji fedha za wafadhili.

Wanaopinga ufugaji wa mitaani wana hoja, na si haki kuwapuuza. Kuku na mtoto mchanga hawapaswi kulala chumba kimoja. Kideri kikiingia ploti moja huzifagia ploti zote za jirani. Chanjo yake ipo, ila chupa moja ina dozi mia na zaidi, nayo ikishafunguliwa haiwekeki. Mwenye kuku wanne hawezi kuinunua peke yake, na akiinunua, nyingi humwagwa. Hapa ndipo serikali ya kaunti ingekuwa na kazi ya maana: siku moja ya chanjo kwa mtaa mzima, kila baada ya miezi michache, kila mtu na kuku wake kwapani. Badala yake, mara nyingi anayefika ni askari wa jiji, na asubuhi banda halipo.

Nashangaa zaidi kwa kuwa sheria haiko upande wa askari huyo kama anavyodhani. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria yake yenyewe ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Kukuza kumetajwa kwanza, kusimamia baadaye, na katika utungaji wa sheria mpangilio wa maneno si bahati nasibu. Utekelezaji umezingatia neno la pili.

Ofisi za kilimo za Kibra na Dagoretti zinaweza kuanza na kidogo. Ndoo zenye vifuniko. Mayai ya nzi kutoka kwa watu wanaojua kuyazalisha. Mtu mmoja wa kufundisha kwa lugha inayoeleweka, asiyeanza kila sentensi kwa neno la kigeni. Na makubaliano na wauzaji wa mboga ili mabaki ya soko la Kawangware na la Toi yatengwe mapema kabla hayajachanganyika na plastiki.

Nilimweleza habari za ndoo hii mama mmoja wa Kawangware, mwenye kuku saba na mbata dume mkorofi. Alinisikiliza hadi mwisho kwa heshima ambayo wanafunzi wangu hawanipi, kisha akasema, “Mwalimu, nimekuelewa. Sasa hao mabuu watakula nini siku ambazo sahani zimelambwa?” Nilimjibu kwamba ndiyo sababu ndoo isiwe ya nyumba moja bali ya ploti nzima, na ikae upande wa sokoni, ambako maganda ya ndizi na majani ya kabeji hayakosekani hata Januari. Alifikiri kidogo, akasema atazungumza na mwenye ploti mwisho wa mwezi, akishalipa kodi.